MNYORORO SI DAWA
Vijana wa Kismayu na visiwani, maradhi ya akili, na kazi inayolingoja tawi

Mtu akikatwa kidole na mashine, kazi husimama. Mmoja hukimbilia kitambaa, mwingine hutafuta gari, na jioni wenzake hupita nyumbani kwake kumpa pole. Hakuna anayemuuliza kama imani yake ilikuwa ya kutosha. Hakuna anayesema ukoo wake una laana. Lakini kijana yule yule akianza kusema peke yake, akikosa usingizi, akakaa ukutani siku tatu hali wala hanywi, wale wale waliokimbilia kitambaa hucheka, au hunong'ona, au hubadili njia. Mnyapara humfuta katika orodha ya vibarua. Nyumbani hufungiwa chumba cha uani, na mgeni akija huambiwa kijana amesafiri.

Makala haya yanahusu vijana hao. Chama chetu kimezoea kusema juu ya ujira, saa za kazi na ajali. Mimi nasema kwamba kuumwa akili ni katika hesabu hiyo hiyo ya ajali. Tawi lisilokubali jambo hilo litapoteza wanachama wake mmoja mmoja, kimya kimya, na wala halitajua limewapoteza wapi.

JERAHA LIMETOKA WAPI

Visiwa vya Wabajuni vimejipanga kusini ya Kismayu kuelekea mpaka wa Kenya: Koyama, Chovai, Chula na vingine vidogo. Wazee wetu waliishi kwa bahari. Walivua samaki na kamba, na kasa walimkamata kwa taza, yule samaki anayejigandisha kwenye gamba. Upande wa bara kulikuwa na mashamba ya ndizi ya bonde la Juba, na ndizi zake zikipakiwa bandari ya Kismayu. Kulikuwa na mradi wa sukari wa Mareerey, ulioanza kutoa sukari mwaka 1980. Mjini penyewe kulikuwa na kiwanda cha nyama kilichojengwa kwa msaada wa Warusi. Sisemi maisha yalikuwa mepesi. Nasema kijana akiamka asubuhi alijua anakwenda wapi.

Serikali ilipoanguka mwezi wa Januari 1991, wenye bunduki waliteremka pwani. Watu wa visiwani hawakuwa na silaha wala kabila kubwa la kuwatetea. Mashua na nyavu zikaporwa, wanawake wakadhalilishwa, watu wakapanda majahazi kukimbilia Kenya, na wengine walifia baharini. Wengi walikaa miaka katika kambi ya Jomvu, Mombasa. Kambi ilipofungwa katika miaka ya 1990, waliorudi walikuta bahari ina wenyewe wapya. Wakawa wanavua katika maji ya babu zao kwa mashua za watu, wakipewa sehemu ndogo ya mapato.

Kuanzia Agosti 2008 mpaka mwishoni mwa Septemba 2012 Kismayu ilikuwa chini ya Al-Shabaab. Oktoba 2008 watu waliitwa uwanjani kutazama msichana akipigwa mawe mpaka akafa. Waliokuwa watoto siku ile leo ni watu wazima wanaobeba magunia bandarini. Kisha ukaja ukame mkali wa 2011, na mwingine wa 2017, na mwingine wa 2022, na kila ukame ulileta mjini familia zilizopoteza mifugo yote. Kijana wa kambini hana shamba, hana chombo, hana jamaa wa kumtafutia kazi.

Wenzetu Wasomali wana neno, buufis. Neno hilo lilienea sana katika kambi za Dadaab. Ni ile hamu ya kwenda ng'ambo inayomkamata mtu mpaka moyo wake unahama na mwili unabaki. Barua ya kukataliwa ikija, au mashua ya magendo ikizama na rafiki yake, wengine hawarudi tena kuwa walivyokuwa. Watu walikuwa na jina la maradhi haya kabla ya mganga yeyote kuja na daftari lake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2010 kwamba kati ya Wasomali watatu, mmoja ameguswa na maradhi ya akili ya namna fulani. Wakati huo madaktari wa akili wa nchi nzima walihesabika kwa vidole. Ni majeruhi wengi sana, na waganga wachache mno.

MIRUNGI: MARUFUKU NNE, NA BADO IPO

Huwezi kusema juu ya vijana wetu ukaacha mirungi. Inatoka Meru, Kenya, na husafirishwa kwa haraka kwa sababu nguvu yake hupotea baada ya siku mbili hivi tangu kuchumwa.

Serikali ya Siad Barre iliipiga marufuku mwaka 1983. Mahakama za Kiislamu zikaipiga marufuku mwaka 2006. Al-Shabaab nao wakaikataza katika miji waliyoitawala. Mwezi wa Machi 2020 ndege zake zilisimamishwa kwa ajili ya korona, na biashara rasmi kutoka Kenya ilifunguliwa tena Julai 2022. Kila mara jani lilikatazwa, lakini sababu ya kulitafuna iliachwa pale pale.

Sababu zenyewe wafanyakazi tunazijua. Mpakiaji hutafuna ili amalize meli usiku kucha. Mlinzi hutafuna ili asilale. Asiye na kazi hutafuna kwa sababu barazani ndipo mahali pekee panapomkaribisha, na kwa saa nne au tano hujiona mtu mwenye mipango. Alfajiri mipango hiyo huyeyuka. Hakulala, hakula, moyo ni mzito, na mkono unatafuta kitita kingine. Nimewahi kukaa na vibarua wanne tukahesabu pamoja ujira wao wa siku, na karibu nusu ilikuwa imeishia kwenye majani. Mmoja wao alicheka. Mmoja alinyamaza, na yeye ndiye mwenye watoto.

Si kila atafunaye huugua akili. Tukisema hivyo vijana watatuona waongo, maana wanawajua wazee waliotafuna miaka arobaini. Lakini watafiti waliochunguza zaidi ya watu 4,800 mjini Hargeisa, wakatangaza matokeo mwaka 2005, waliona kwamba wenye maradhi makali ya akili walikuwa wameanza kutafuna wakiwa wadogo zaidi na walitafuna zaidi kuliko wenzao. Wengi wa wagonjwa walikuwa wanaume, na waliopigana vitani walikuwa wameumia kuliko raia. Kwa hiyo kijana aliyeona vita, anayekesha kila usiku, na aliyeanza mirungi angali mtoto, amebeba mizigo mitatu juu ya bega moja.

KIJANA MMOJA MPAKIAJI

Katika kazi yangu ya kuandikisha wanachama nilimfahamu kijana mmoja. Jina lake nalihifadhi, na aliyemwajiri simtaji. Ni mzaliwa wa visiwani, na alikuwa hodari wa gunia. Akaanza kusikia sauti zikimwita, akasema wenzake wanataka kumtilia sumu katika chai. Siku moja alimrushia mnyapara kikombe, akafukuzwa saa ile ile bila kulipwa siku zake.

Mama yake alimfunga mguu kwa mnyororo kwenye nguzo ya uani. Msimhukumu mama huyo upesi. Hakuwa mkatili. Aliogopa mwanawe angejitosa baharini, au angemsogelea mtu mwenye bunduki ambaye hajui kwamba huyu anaumwa. Alimlisha kwa mkono wake na kumwosha. Kijana alikaa hivyo miezi saba. Nilipomuuliza kwa nini hakumpeleka hospitali, alinijibu, "Mwanangu, nimpeleke na nani? Nani atamshika njiani?"

Ndugu wafanyakazi, lipimeni swali hilo. Mama hakuuliza habari ya majini wala ya laana. Aliuliza habari ya nauli na mikono ya watu, na hivyo ni vitu ambavyo chama kinavyo.

Wenzake wanne wa zamu walichanga. Wakamchukua kwa upole, wakampeleka kwa mganga, na wawili wakalala naye. Aliandikiwa dawa, na baada ya wiki kadhaa zile sauti zilipungua. Alirudi kazini kuhesabu magunia badala ya kubeba. Kisha jirani akamwambia kwamba mwenye imani hahitaji vidonge. Akaacha, na kabla ya miezi miwili kupita sauti zilirudi. Akaanza dawa tena, na safari hii wenzake walimkumbusha kila jioni. Sasa anafanya kazi. Kovu la mnyororo analo kifundoni, na hufunga kikoi chini kabisa ili lisionekane.

MINYORORO NI MITATU

Mogadishu kuna muuguzi anayejulikana na watu wengi kwa jina la Daktari Habeb. Alifungua hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 2005, katikati ya vita. Humo ndimo ulimoanza mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuondoa minyororo. Mpango huo una hatua tatu. Ya kwanza ni kuiondoa minyororo hospitalini. Ya pili ni kuiondoa majumbani, kwa kuzifundisha na kuzisaidia familia. Ya tatu ni kuondoa mnyororo usioonekana, ndio ile aibu, yale maneno ya watu, na kunyimwa kazi, ndoa na haki.

Wa kwanza na wa pili hukatwa kwa ufunguo na kwa tiba. Na tiba ndiyo itangulie, maana kumfungua mtu bila kumtibu ni kumwachia mama yake mzigo ule ule na hofu zaidi. Wa tatu hauna ufunguo. Umo mikononi mwetu sisi tunaokaa naye mezani wakati wa chakula.

Wasichana tusiwasahau. Mvulana akiugua huonekana njiani. Msichana huugua ndani ya nyumba. Ataitwa mvivu, au mwenye jini, au aliyerogwa na wivu wa mawifi. Aliyetoka kujifungua akilia wiki nzima bila sababu, wanawake wataambiana atazoea. Aliyeingiliwa kwa nguvu wakati wa vita au kambini hulazimishwa kunyamaza ili aolewe, na kunyamaza huko ndiko kunakomla.

DUA NA DAWA

Sasa nafika mahali ambapo mikutano yetu hupata moto. Baadhi ya wanachama husema maradhi haya ni ya kusomewa tu. Wengine, waliokaa mijini, husema mashekhe ndio tatizo. Wote wawili wanakosea.

Kisomo kinatuliza moyo, na kijana anayekaa na watu wema msikitini amepata nusu ya tiba ambayo hospitali haina. Hakuna anayewaomba mashekhe waache kusoma. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwahimiza watu wajitibu. Waislamu wa kale walilijua hilo. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kinachoeleza maradhi ya mwili pamoja na ya nafsi: huzuni, hofu, hasira na wasiwasi. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Kairo, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Watu hao hawakuona kwamba dawa inapunguza imani.

Jambo moja zaidi. Sheria yenyewe ya dini imemwondolea aliyerukwa na akili hesabu ya sala na saumu mpaka apate nafuu. Kama Mwenyezi Mungu hamdai, sisi tunamdai nini?

Tunaowakataa ni wafanya biashara ya maumivu. Zipo nyumba zinazojiita za tiba ambamo vijana hufungwa, hupigwa na hunyimwa chakula. Mwaka 2015 shirika la Human Rights Watch lilieleza mambo hayo kutoka Somaliland. Mogadishu watu wamelipa mamia ya dola ili mgonjwa afungiwe chumba kimoja na fisi, kwa kuamini kwamba fisi humwona jini na kumfukuza. Daktari Habeb alipiga kelele redioni juu ya jambo hilo. Hapo hakuna dini wala dawa. Kuna mtu aliyeona familia imekata tamaa akatia mkono mfukoni mwao.

NDUGU ZETU WALIOBAKI KENYA

Wabajuni wengi hawakurudi. Wako Lamu, Malindi na Mombasa, na huko vijana wao wamekumbana na unga, yaani heroini, ambao umeitafuna pwani ile kwa miaka mingi. Inafaa tujue wenzetu walifanya nini.

Malindi, tangu mwaka 1995, Mradi wa Omari umekuwa ukiwasaidia watumiaji badala ya kuwafukuza. Zanzibar, kuanzia 2009, vijana walioacha unga walifungua nyumba ambamo mwenye kuacha hukaa na wenzake walioacha kabla yake. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na Malindi na Mombasa zikafuata mwaka 2015. Methadoni ni dawa inayonywewa kila siku mbele ya muuguzi. Humtuliza mtu asitafute unga, naye akaweza kufanya kazi. Wapo wanaosema ni kubadili sumu kwa sumu. Mimi naangalia mikono ya mtu: jana ilikuwa inaiba nyaya, leo inashika toroli.

Funzo kwa Kismayu ni hili: katika miji hiyo kazi ilianza watu walipoacha kuuliza nani wa kulaumiwa, wakauliza mgonjwa alale wapi usiku huu.

TAWI LIFANYE NINI

Haya ni mambo ambayo tawi lolote linaweza, hata lenye sanduku jepesi.

1. Tubadili ulimi. Mwenzetu asiitwe kichaa wala mwehu. Anaumwa. Neno hilo linatosha.

2. Tuteue watu wanne katika kila zamu, na wanawake wawemo kwa ajili ya wanawake. Kazi yao ni ile aliyoiulizia yule mama: kumshika mtu njiani, kulala naye, kumkumbusha dawa. Nauli itoke katika sanduku la tawi kama inavyotoka kwa maziko. Tusingoje maziko.

3. Tujue dalili. Asiyelala siku nyingi, anayejitenga, anayesikia sauti, anayeshuku kila mtu, anayeacha kula na kuoga, apelekwe mapema. Mtu akisema amechoka kuishi, aulizwe wazi kama anataka kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo. Asiachwe peke yake, na kamba, kisu na dawa za wadudu za shambani ziondolewe karibu naye mpaka afikishwe kwa mganga.

4. Mapatano ya kazi yaandike wazi kwamba maradhi ya akili ni maradhi, na kazi ya mgonjwa imngoje. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema afya ya mfanyakazi ni ya mwili na ya akili, na tangu 2022 unahesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi. Kwa wenzetu wa mashamba na viwanda vya Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Sheria haikusema mguu tu.

5. Matusi na vipigo kazini vikatazwe. Mkataba Namba 190 wa mwaka 2019 unahusu ukatili na bughudha kazini, na Somalia iliuridhia mwaka 2021. Mnyapara anayemfanya mgonjwa kichekesho cha zamu nzima anauvunja.

6. Tupiganie usingizi. Mtu asipewe usiku mbili mfululizo baada ya kufanya kazi mchana. Na ujira ulipwe kwa fedha. Mwajiri anayegawa mirungi ili meli imalizike amenunua usiku wetu kwa majani.

7. Tumwite imamu na mganga wa zahanati katika mkutano mmoja, wakae meza moja mbele ya wanachama. Vijana wakiwaona wanasalimiana, nusu ya ubishi itakuwa imekwisha.

Najua jibu nitakalopewa. Mtasema waganga ni wachache na dawa hukosekana. Ni kweli, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani tangu 2008 limekuwa na mpango wa kuwafundisha waganga na wauguzi wa kawaida kutibu maradhi haya, wasingoje mtaalamu wa mbali. Tudai mafunzo hayo yafike katika zahanati zetu, tena tudai kwa maandishi, kwa jina la chama, kama tunavyodai glavu na viatu vya kazi. Sauti ya mama mmoja mlangoni mwa ofisi ya afya haisikiki. Sauti ya tawi zima husikika.

Kila mmoja wetu anajua nyumba moja ambako kijana "amesafiri" siku nyingi na viatu vyake bado viko mlangoni. Wajumbe, wiki hii piteni nyumba hizo. Msiende na hotuba. Nendeni na sukari na majani ya chai, kaeni, muulizeni mama kama amelala, kisha mmuulize anahitaji mikono ya watu wangapi.

Umoja ni nguvu, na nguvu hiyo ni ya mgonjwa pia.